Aliyebeba Upande wa Chini

Kabati hakuumia akibeba friji. Wala kochi, wala kitanda cha mbao ngumu. Aliumia akifunga kamba ya kiatu.

Hilo lilimuuma kuliko mgongo wenyewe. Mtu aliyepandisha vyombo vya watu kwenye maghorofa kwa miaka kumi na tisa, angalau angepewa heshima ya kuangushwa na friji! Lakini wapi. Kazi ya asubuhi ilikuwa imeshaisha, lori li tupu, yeye ameketi kwenye ukingo wa nyuma wa lori akipiga soga na wenzake, akaona kamba ya kiatu cha kushoto imelegea. Akainama. Kitu kikamkamata kiunoni, na hapo alipo akabaki hivyo hivyo, pua karibu na goti, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Wenzake walicheka kwanza. Walidhani ni mzaha wake, maana mizaha alikuwa nayo. Walipoona jasho linamdondoka puani ndipo kicheko kikakatika.

Jina la Kabati alilipata mapema, wiki ya kwanza ya kazi, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne. Mama mwenye nyumba alikuwa ghorofa ya tatu akichungulia ngazini, na kwa huko juu hakuona mtu. Aliona kabati tu likipanda. Akapiga kelele, "Jamani, kabati linakuja lenyewe!" Basi ikawa ndiyo hiyo. Hata mkewe akitaka kumbembeleza humwita Kabati, na akikasirika ndipo humwita baba fulani.

Kazi yao ni kuhamisha watu, na ni kazi ya wawili. Kitu kikubwa kikipandishwa ngazi huwa na mtu wa juu na mtu wa chini. Wa juu hupanda kinyumenyume, ndiye anayeona kona, taa na vitoto vya watu vinavyokimbia. Wa chini haoni kitu. Shavu lake liko kwenye mbao, miguu inatafuta ngazi kwa kupapasa, na uzito karibu wote ni wake. Kabati ndiye aliyekuwa wa chini. Wa juu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mwembamba asiyekauka maneno. "Kwani nilikupa dada yangu bure?" angesema kila wakifika ghorofa ya tatu. "Beba, shemeji, beba. Hayo ndiyo mahari yenyewe." Na Kabati, akiwa hana pumzi ya kujibu, alicheka kwa pua, na kicheko hicho kilimpandisha ghorofa moja zaidi.

Wa tatu wao alikuwa dereva, waliyemwita Sukani. Huyu alikuwa na msimamo wake: mimi naendesha, mzigo sigusi. Miaka yote hiyo alikaa kwenye kiti chake akisoma magazeti ya juzi huku wenzake wakitoka jasho, na hakuna aliyemlaumu.

Siku ile ya kamba ya kiatu walimrudisha Kabati nyumbani nyuma ya lori lao wenyewe, amelazwa ubavu juu ya mablanketi ya kufungia vioo.

Sasa mtu akiumwa tumbo, watu humwuliza anaumwa nini. Akiumwa mgongo, kila mtu ni daktari. Jirani wa kushoto akasema alale sakafuni, asiguse godoro mwezi mzima. Jirani wa kulia, aliyewahi kucheza mpira enzi zake, akaleta mkanda mpana wa kubana kiuno na kuapa kwamba bila huo mkanda yeye leo angekuwa anatambaa. Mama mkwe akaja na chupa ya mafuta ya kuchua yanayonuka hadi barabarani. Wote walikuwa na nia njema. Mimi watu wenye nia njema nawaogopa sana.

Siku ya nne mkewe alimpeleka zahanati ya karibu. Akapigwa picha ya mgongo. Daktari wa pale alikuwa na foleni hadi nje ya mlango, na ni dhahiri hakuwa amekula. Akaichukua picha, akaielekeza dirishani, akaitazama kwa muda ambao wewe ungeutumia kusoma tarehe.

"Una miaka mingapi?"

"Arubaini na mitatu."

"Huu mgongo ni wa mzee wa miaka sabini. Pumzika. Na usiinue kitu kizito tena, utakatika."

Akaandika dawa, akaita mgonjwa mwingine. Nadhani hata jina la Kabati hakulishika. Lakini Kabati alilibeba neno lile hadi nyumbani, na kati ya mizigo yote aliyopata kuibeba maishani, huo ndio aliokosa pa kuutua.

Akalala. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walikuwa na vyumba viwili. Cha mbele ndicho mkewe alichoshonea nguo za watu, na ndimo Kabati alimotandikiwa mkeka ili asiwe mpweke. Kutwa nzima alitazama miguu: ya mkewe ikikanyaga cherehani, ya wateja waliokuja kupimwa, viatu vya binti yake akitoka na kurudi shule. Wateja walimsalimia kwa sauti ya chini, ile ya msibani. "Pole, baba. Vipi mgongo?" Mwanzoni alijibu kwa mzaha. Mwezi ulipokatika akawa anafumba macho akisikia mlango, ajifanye amelala.

Alijifunza kuogopa vitu ambavyo hakuwahi kuvifikiria. Aliogopa kupiga chafya. Aliogopa choo cha kuchuchumaa. Mkewe alimvisha soksi, na siku moja, akiwa amepiga magoti mbele yake na soksi mkononi, wote wawili walitazama pembeni kwa wakati mmoja. Binti yake alimkuta ameshika ndoo ya maji, nusu ndoo tu, akamnyang'anya.

"Baba! Unataka kukatika?"

Alikuwa na miaka kumi na tano, na aliitwaa ile ndoo kwa mkono mmoja. Kabati alirudi mkekani akageukia ukutani. Hakulia, lakini ni afadhali angelia. Alijiuliza swali ambalo mtu hapaswi kujiuliza akiwa amelala: mtu anayejulikana kwa jambo moja tu, akiondolewa hilo moja, anayebaki ni nani?

Wiki ya saba mkewe alichoka. Si kumchoka yeye, ila kuona miguu ya mumewe imekuwa myembamba kuliko ya cherehani. "Inuka," alisema asubuhi moja, mdomoni ameshika pini. "Twende ile hospitali kubwa. Nimesikia kuna binti anatibu migongo."

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido, na kwa hali yake kiliwahi kuwa stoo. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja, kioo kirefu, mipira mikubwa, na vyuma vidogo vya kunyanyua vilivyopangwa ukutani. Mtaalamu wa viungo alikuwa msichana mdogo kiasi kwamba Kabati alisubiri kidogo, akidhani mwenyewe anakuja.

Alimuuliza maswali mengi. Je, miguu hufa ganzi? Je, mkojo unatoka vizuri? Kuna homa, kukonda bila sababu? Hapana, hapana, hapana. Akamgonga magoti, akambonyeza huku na huku. Kisha akadondosha kalamu sakafuni.

"Niokotee, baba."

Kabati aliitazama ile kalamu kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. "Mwanangu, siwezi. Nikiinama nitakatika."

"Nani kasema?"

"Picha."

Msichana hakucheka. Alivuta kiti, akaketi mbele yake. "Nisikilize, baba. Nikitoka hapo nje nikaokota watu ishirini wa umri wako wasioumwa popote, nikawapiga picha, wengi wao nitaona haya haya. Mgongo hupata mvi kama kichwa. Kwani mtu huumwa na mvi? Ulishikwa, ndiyo, na iliuma, siyo utani. Lakini kilichokumaliza ni kulala. Mgongo wako siyo glasi."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikunja mikono. Hakuamini. Tangu zahanati ile alikuwa akiishi na mume wa glasi, na alishazoea kumshika hivyo.

Tiba haikuwa na maajabu, na kwa kuwa haikuwa na maajabu, ilikuwa ngumu. Kutembea dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Kulala chali, magoti juu, na kuinua makalio mara nane. Kuinama hadi magotini, wiki nyingine hadi chini. Siku za kwanza alizunguka mtaa wao kama bwana harusi aliyelazimishwa, na majirani wale wale wa mkanda na mafuta walimtolea macho: kulikoni huyu anatembea? Jirani wa kulia alimfuata kabisa. "Bwana, mimi sitaki kukutisha, lakini..." Na akamtisha.

"Maumivu yatakuja," yule msichana alikuwa amemwambia. "Yakija usikimbie. Punguza, ila usiache."

Yalikuja. Mchomo mmoja mkali, upande wa kulia juu ya nyonga, mara kwa mara, bila hodi. Kila ulipokuja alisimama akishika ukuta, akisubiri kukatika. Hakukatika. Alipumua, akaendelea. Mwezi wa tatu aliruhusiwa kubeba mchanga: robo ndoo, kisha nusu, kisha ndoo nzima. Mwezi wa tano alipanda nayo ngazi za jengo la jirani, ghorofa tatu, mara tatu mfululizo, akashuka akiwa ameloa jasho. Jasho la kazi. Alilinusa shati lake kwa furaha kama mwendawazimu.

Mkewe alimkuta pale chini ya ngazi, ndoo mkononi. Akapeleka kiganja mdomoni. "Tua! Tua hiyo ndoo!"

"Nimeshapanda mara tatu, mama."

"Tua nimesema!"

Akatua. Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa. Mgongo ulikuwa unapona peke yake, watu wa nyumbani hawaamini, na hakukuwa na mtu wa kuushangilia.

Siku ya mwisho, msichana wa hospitali alimwinamisha, akamgeuza, akamnyanyulisha chuma kizito kuliko vyote vya pale ukutani. Akaandika kwenye faili. "Mgongo uko tayari, baba. Wewe je?"

"Tayari," alijibu Kabati, haraka mno.

Huko kazini, miezi hiyo yote, shemeji alikuwa ameshuka kushika upande wa chini. Na juu nani? Sukani! Sukani yule yule wa magazeti ya juzi. Shida ilimtoa kwenye kiti chake, akapewa glavu, akajifunza kupanda kinyumenyume, na watu walisema si mbaya. Kabati alipoambiwa habari hizo alizipokea kwa kicheko, kisha jioni hakula.

Shemeji alikuja kumwona mwisho wa mwezi, akakaa kwenye kigoda, akazungukazunguka maneno, jambo ambalo si kawaida yake. Mwishowe akasema, "Jumamosi tuna familia inahamia ghorofa ya tano. Njoo. Tujaribu. Ukiweza, upande wako ni wako, Sukani arudi kwenye usukani wake. Usipoweza..."

"Nisipoweza?"

"Tutaongea."

Kabati alijua maana ya hiyo tutaongea. Hakuna ambacho kingeongewa.

Jumamosi ilikuwa na jua zuri. Ngazi za jengo lile zilikuwa nyembamba, za saruji, zenye kona kali kila ghorofa, na kuta zimepakwa rangi ya maziwa. Kabati alianza na viti. Yakaja magodoro. Ikaja meza ya kulia, yeye chini na shemeji juu, na mikono ilikumbuka yenyewe pa kushika. Pumzi zao zikakutana kwenye ngazi ya nne, na tangu hapo walitembea kama mtu mmoja mwenye miguu minne. Walipoitua meza ghorofa ya tano, Kabati aliona kitu kinampanda kooni. Ilikuwa furaha, na kwa sababu hakuwa ameionja muda mrefu, aliidhania kwikwi.

Ikabaki friji. Ilikuwa kubwa, ya milango miwili. Wakaivua rafu zake, wakaifunga mkanda, wakainama.

"Moja, mbili, juu."

Ghorofa ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Shavu la Kabati lilikuwa kwenye ule ubaridi wa bati, macho hayaoni kitu, na mapaja yanawaka kama yanavyotakiwa kuwaka. Alihema. Mtu mwenye friji lazima aheme. Alisubiri neno la dada na mahari, maana ghorofa ya tatu ilikuwa inakaribia, lakini huko juu palikuwa kimya.

Shemeji alikuwa akiusikiliza ule mhemo.

Kila mbebaji anajua kwamba mtu wa juu hushika chini, mikono karibu na magoti yake, na haiinui hata iweje. Akiinua upande wake, hamsaidii mwenzake. Anamlalishia mzigo wote. Shemeji alilijua hilo kuliko jina lake. Alimfundisha Sukani kwa matusi. Lakini alisikia pumzi ya mume wa dada yake, akamwona tena mawazoni amelala mkekani, akivishwa soksi, na mikono yake ikapanda yenyewe hadi kifuani. Alimhurumia. Ndivyo friji ilivyoinama nyuma, ikamshukia Kabati kifuani na uzito wake wote.

Mchomo ukaja, pale pale juu ya nyonga.

Alikuwa anaufahamu. Alikuwa ameshakutana nao na ndoo ya mchanga mara kumi, mara ishirini, akapumua, ukapita. Lakini ndoo unaweza kuitua. Hapa alikuwa amebanwa, gizani, na kilichomjia kichwani si sauti ya msichana wa kalamu. Ilikuja ile nyingine, ya yule daktari ambaye hakuwa amekula.

"Nakatika! Shusha! Shusha! Nakatika!"

Milango ilifunguka ghorofa mbili. Shemeji aliiegemeza friji ukutani, ikakwangua ile rangi ya maziwa, wakaitua kwenye ngazi kwa hofu. Kabati alikaa chini, mikono kiunoni. Akasubiri. Akahesabu moyoni, na kabla hajafika kumi mchomo ulikuwa unayeyuka. Akasimama. Akanyooka kabisa. Hakuna kilichokatika, na wa kwanza kulijua hilo alikuwa yeye.

Akatazama juu. Mikono ya shemeji ilikuwa bado kifuani, imekunja vidole kushika kitu ambacho hakipo.

"Ulinyanyua," Kabati alisema.

Shemeji akaiangalia mikono yake. Akaishusha. "Nilikuwa nakusaidia."

"Miaka kumi na tisa hujawahi kunisaidia."

"Ulikuwa hujaumwa."

"Turudie. Shika chini, kama zamani. Nimepona, shemeji, wallahi nimepona. Ilikuwa woga tu."

Shemeji, mtu asiyekauka maneno, sasa alikuwa akiyaokota moja moja. "Najua umepona. Mimi ndiye siwezi. Nikikusikia unahema tu, mikono inapanda. Nitakuja kukuua kwenye ngazi za watu. Asubuhi dada kanishika shati mlangoni, kaniambia nikurudishe mzima. Nitamwambia nini?"

Kabati angeweza kubishana na picha ya zahanati, angeweza kubishana na jirani wa mkanda. Na huyu je, ambaye kosa lake lilikuwa kumpenda?

Sukani alishaitwa. Alipanda akivaa glavu zake, macho chini, akapita ubavuni mwa friji, akashika upande wa juu mahali panapotakiwa, karibu na magoti. Shemeji akashuka, akajipenyeza kati ya friji na ukuta hadi alipokuwa Kabati, wakabadilishana nafasi vifua vikigusana, maana ngazi zilikuwa nyembamba. Akatoa funguo za wenye nyumba mfukoni, akamtia Kabati kiganjani, akamkunjia vidole taratibu.

"Wewe tangulia, shemeji. Utufungulie milango."

Watu waliochungulia walimpisha. Kabati alipanda ghorofa ya tatu, mikono mitupu. Akapanda ya nne. Nyuma yake alisikia moja, mbili, juu, na pumzi mbili zikikutana. Ghorofa ya tano akafungua mlango wa korido, kisha wa nyumba, akarudi akausukuma ule wa korido hadi ukutani, akauegemea usije ukajifunga. Akasimama hapo, amenyooka, akiwasubiri. Mgongo haukumuuma hata kidogo.